Hoja Nzito, Hoja Nyepesi: Tunavyoamua Mambo ya Umma Lamu

Ukikaa Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya swala ya alasiri, utasikia mambo ya nchi nzima: bei ya mafuta ya boti, ruhusa ya kukata mikoko, bandari ya Manda, nani kapewa zabuni gani. Watu wa Lamu hatuna uhaba wa maoni wala wa ulimi. Tunachokikosa, na nakisema kwa uchungu kwa sababu kinatugharimu, ni desturi ya kuitazama hoja yenyewe kabla ya kumtazama aliyeileta. Mtu akifungua mdomo tu, swali la kwanza ni moja: huyu wa upande gani? Upande ukishajulikana, kazi ya kusikiliza imekwisha.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala wa nchi hii. Ndiyo maana siku hizi bajeti, mswada wala mradi mkubwa haupiti bila mkutano wa kutoa maoni. Viti vinapangwa, chai inapikwa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Kisha inaandikwa kwamba wananchi kadhaa walihudhuria, wengi waliunga mkono, wachache walipinga. Wingi wa watu unaonyesha ukubwa wa hisia, nao si jambo la kupuuzwa. Lakini mtu mmoja aliyesimama nyuma ya ukumbi akasema jambo ambalo hakuna aliyeweza kulijibu ataandikwa kama mtu mmoja, basi.

Nafundisha vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kazi. Katika karatasi za majaribio wanazoletewa kuna aina moja ya swali ambayo huwapiga chenga wengi. Unapewa pendekezo la sera, halafu hoja mbili, moja ya kuunga na moja ya kupinga, na unaulizwa ipi ina nguvu: ya kwanza, ya pili, zote mbili, au hakuna. Niliwatungia moja ya kwetu. Pendekezo: serikali ipige marufuku nyavu za ringi, zile kubwa za kuwazungushia samaki, karibu na ufuo. Hoja ya kwanza: ndiyo, kwa sababu nyavu hizo huzoa samaki wachanga pamoja na wakubwa, na samaki wakipungua wavuvi wadogo watakosa riziki. Hoja ya pili: hapana, kwa sababu vijana wengi wameajiriwa kwenye boti hizo na watabaki bila kazi.

Jibu ni kwamba zote mbili zina nguvu. Kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha hakukubali kabisa. "Mwalimu, haiwezekani. Moja inasema ndiyo, moja inasema hapana. Lazima moja iwe ya uongo." Wenzake wakamuunga mkono. Tulibaki kwenye swali hilo hadi muda ukaisha, na sikujuta, kwa sababu mle ndani ya pingamizi lake mna ugonjwa wote wa mijadala yetu. Alikuwa ameshaamua kwamba nyavu za ringi ni mbaya, kwa hiyo kila kinachosemwa kuzitetea lazima kiwe dhaifu. Alikuwa anapima uamuzi, hajapima hoja.

Karatasi ile ina kanuni yake: unachukulia kwa muda kwamba hoja inasema kweli, kisha unauliza kama, ikiwa kweli, inaligusa swali, na inaligusa kwa uzito kiasi gani. Hoja inayosema "hapana, kwa sababu wavuvi wa ringi watakasirika" inaligusa swali kwa ncha ya kidole tu. Ile inayosema "ndiyo, kwa sababu nchi nyingine zimefanya hivyo" haijasema kitu mpaka utuambie kwa nini walifanya na walipata nini. Na ile inayosema "ndiyo, kwa sababu ni jambo zuri" imerudia pendekezo kwa maneno mengine.

Nje ya karatasi ya mtihani kuna hatua ya pili, nayo ni kuuliza: ni kweli? Hizi ni kazi mbili, na kila moja ina wakati wake. Sisi tunazichanganya. Hoja ikituudhi tunakimbilia kusema ni uongo, hata kabla ya kuona kama ingekuwa kweli ingebadilisha chochote. Hoja ikitufurahisha tunaiona nzito, na hatuulizi tena habari za ukweli wake.

Chukua kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, upande wa mji wa Hindi, bara ya Lamu, kama kilomita 20 kutoka Mji wa Kale wa Lamu. Megawati 1,050. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni Septemba 2016. Mji uligawanyika, familia ziligawanyika, na hoja zilikuwa nyingi kama mchanga. Miaka imepita, na nadhani sasa tunaweza kuzitazama kwa utulivu.

Waliounga mkono walisema Kenya inahitaji umeme. Ni kweli, na inaligusa swali. Lakini ikimalizikia hapo haijafika Kwasasi. Kati ya "nchi inahitaji umeme" na "kijengwe kiwanda cha makaa cha megawati 1,050 pale" kuna ngazi kadhaa zilizorukwa: umeme kiasi gani, wa namna gani, kwa bei gani, lini. Mwaka 2018 matumizi ya juu kabisa ya umeme nchini, ile saa ya jioni kila mtu akiwa amewasha taa, hayakufika megawati 1,900. Kiwanda kimoja kingekuwa zaidi ya nusu ya hapo. Na mkataba wa kununua umeme ule ulikuwa wa miaka 25, wenye malipo ya kukiweka kiwanda tayari hata pale umeme wake usipohitajika. Ukiziweka takwimu hizi mezani, ile hoja iliyoonekana nguzo ya mradi inaanza kuyumba. Nchi bado inahitaji umeme, ila haja hiyo peke yake haikufikishi kwenye kiwanda hiki.

Walisema pia kwamba tutatumia makaa yetu wenyewe ya Kitui. Hii ingekuwa nzito kama ingekuwa kweli tangu mwanzo. Lakini mpango wenyewe ulikuwa kuanza kwa makaa ya kuagiza kutoka Afrika Kusini. Hapo hoja ilianguka kwenye hatua ya pili, ile ya ukweli.

Ajira je? Hii niliiona ikidharauliwa mno na wenzangu, na haikustahili dharau. Kijana wa Mokowe asiye na kazi akisema "mimi nataka kazi", amesema jambo zito. Halipungui uzito kwa sababu tunaupenda mji wetu. Kinachotakiwa ni kumsaidia aulize zaidi: kazi ngapi ni za wakati wa ujenzi, ambazo huisha saruji ikikauka, na ngapi ni za kudumu? Zinataka ujuzi gani, na nani Lamu anao leo? Hoja ya ajira isiyo na majibu hayo ni hoja ambayo haijamaliza kusemwa. Ilistahili kumalizwa, na waliokuwa na wajibu wa kuimaliza ni wenye mradi.

Sasa upande wetu tuliopinga. Nilipinga mradi ule na bado napinga, kwa hiyo hapa nitasema kwa ukali zaidi, maana udhaifu wa hoja za upande wangu unaniuma kuliko wa upande wa pili. Tulisema: Lamu ni urithi wa dunia, UNESCO iliuandikisha mji mwaka 2001, kwa hiyo kiwanda kisije. Kwa umbo hilo hoja ni pana kupita kiasi, kwa sababu ingezuia karibu kila kitu, mpaka gati na hospitali. Hoja yenye nguvu ilikuwa ndani yake lakini haikutolewa vizuri. Nyumba zetu ni za matumbawe na chokaa. Makaa yakichomwa hutoa gesi za salfa ambazo zikikutana na unyevu hugeuka asidi, na asidi hula chokaa. Kiwanda kingekuwa kaskazini mwa mji, na kuna miezi ambayo upepo wa kaskazi unavuma kutoka huko kuja huku. Je, kwa bomba la moshi la urefu uliopangwa na vichujio vilivyoahidiwa, kiasi gani kingefika kwenye kuta za Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale? Swali la namna hiyo mhandisi hawezi kulipita kwa tabasamu. Atalazimika kupiga hesabu, na hesabu hiyo inaweza kukaguliwa.

Kadhalika uvuvi. "Bahari itakufa" ni kilio, na nakielewa, baba zetu wote wametoka baharini. Lakini kwenye mizani kilicho kizito ni hiki: kiwanda cha aina hiyo huhitaji maji mengi ya kupoza mitambo, huyarudisha baharini yakiwa na joto zaidi, na Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ambamo samaki na kaa hukulia wakiwa wadogo. Maji hayo yangerudi yakiwa na joto gani, yangemwagwa wapi, na mkondo ungeyapeleka wapi? Nahodha yeyote wa Matondoni anajua mikondo ya huku kuliko ramani. Maarifa yake yalikuwa ushahidi, nasi tukayaacha yakae kama malalamiko.

Halafu kuna zile ambazo hazikuwa hoja hata kidogo, za pande zote mbili. "Wanaopinga wanalipwa na mashirika ya nje." "Wanaounga mkono si watu wa Amu," yaani Lamu, "ni wa kuja." Hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Tuseme ni kweli kwamba fulani analipwa: moshi utapungua? Tuseme ni kweli kwamba fulani alihamia juzi: bei ya umeme itabadilika? Maslahi ya msemaji ni sababu ya kukagua maneno yake kwa makini zaidi, na inaishia hapo. Hii ya pili inanitia hofu zaidi. Katika kaunti iliyopitia mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambako watu zaidi ya 60 waliuawa, maneno ya "wenyewe" na "wageni" hayapaswi kutumika kama kiraka cha hoja iliyochanika.

Juni 26, 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ile. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini wengi hadi leo wanaamini kwamba majaji walisema makaa ya mawe ni haramu Lamu. Hawakusema hivyo. Walisema umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya utafiti wa athari kukamilika, na utafiti ulipokamilika watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuusoma na kuujibu. Walisema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Na wakasema mwekezaji akitaka kuendelea, afanye tathmini mpya. Hitimisho lao lilikwenda hadi pale sababu zao zilipowafikisha, likasimama. Kwangu huo ulikuwa mfano bora wa kupima hoja kuliko mkutano wowote niliowahi kuhudhuria, na nasikitika kwamba tuliuchukua ushindi tukauacha mfano.

Kuna mchanganyiko mwingine ulioonekana wazi Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, aina ya miraa inayotafunwa na kulimwa Embu. Malindi ilikuwa ndani ya marufuku hiyo. Kwa siku chache pwani nzima na Embu nzima zilikuwa zikirushiana maneno. Wa pwani walisema watoto wetu wanaangamia. Wa Embu walisema muguka ndio karo ya watoto wetu. Zote mbili nzito, na zote zilidai takwimu ambazo mezani hazikuwepo. Kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku, na Rais akasema inapingana na sheria ya taifa inayolitambua zao hilo.

Hapo mjadala ukahama bila watu kujua kwamba umehama. Swali la kwanza lilikuwa: muguka unawadhuru vijana kiasi cha kuhitaji hatua ya serikali? Swali la pili: gavana ana mamlaka ya kuupiga marufuku? Jibu la pili likiwa hapana, la kwanza linabaki palepale lilipokuwa, halijaguswa. Lakini wauzaji wa Malindi walitangaza kwamba imethibitika muguka hauna madhara, na baadhi ya wazazi wakakata tamaa kana kwamba mahakama imewaambia watoto wao wako salama. Kaunti isiyoweza kupiga marufuku bado inaweza kusimamia leseni za vibanda, saa za kuuza, umbali kutoka shule, na kuwatibu walioathirika. Hatua hizo zinahitaji hoja zake na ushahidi wake. Vumbi la marufuku lilipotulia, wengi hawakuwa na hamu nazo tena.

Bodaboda za Mji wa Kale nitazipitia haraka, ingawa kelele zake hazipiti haraka. Kaunti ilishapiga marufuku pikipiki mjini, na madereva wana hoja wanayoipenda: zinamfikisha mgonjwa hospitali upesi. Ni hoja nzito. Hakuna punda anayeshindana na pikipiki usiku mama akiwa na uchungu. Ila tazama inakufikisha wapi. Inakufikisha kwenye usafiri wa wagonjwa, labda pikipiki chache zilizosajiliwa kwa kazi hiyo. Haikufikishi kwenye kumbeba mtalii na begi lake kando ya bahari saa tano asubuhi. Hoja inaweza kuwa ya kweli, ikawa nzito, na bado ikathibitisha kidogo kuliko kinachoombwa.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa dirishani na zile hoja mbili zenye nguvu. Bandari ya Lamu ndiyo jibu lake. Ujenzi wake ulizinduliwa Machi 2, 2012, gati la kwanza likafunguliwa Mei 20, 2021, na mpango mzima ni magati 32. Hoja ya bandari ni nzito: njia ya biashara ya Ethiopia na Sudan Kusini, kina cha maji ambacho bandari nyingi hazina, kazi na mapato. Hoja ya wavuvi ni nzito vilevile: maeneo ya kuvulia yalichimbwa na kufungwa, na mtu wa mtumbwi hawezi kuyafuata maji ya mbali. Huwezi kuifuta moja kwa kuitangaza nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu haikusema bandari ibomolewe, wala haikuwaambia wavuvi wavumilie kwa ajili ya taifa. Iliamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Gawanya uone: ni kama shilingi 382,000 kwa kila mvuvi. Je, zinatosha? Hapa ndipo hoja zilipaswa kuanza, na hapa ndipo tulipochoka. Mvuvi wa mtumbwi hupata kiasi gani kwa mwaka akitoa gharama? Amepoteza maeneo yote au sehemu? Kwa miaka mingapi, naye ana umri gani? Na mwanawe, ambaye jina lake halimo kwenye orodha kwa sababu alikuwa shuleni, alikuwa atarithi nini? Mwenye kusema zinatosha na mwenye kusema hazitoshi wote wanadaiwa majibu hayo. Hoja mbili nzito zikigongana, aliyepaza sauti zaidi hajashinda kitu. Kinachofuata ni hesabu ya nani anabeba mzigo, nani anapata faida, na mwenye faida anamlipa vipi mwenye mzigo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandika kumbukumbu za mikutano yetu, kuanzia ofisi za wadi hadi bunge la kaunti. Acheni kuandika "wananchi walitoa maoni mbalimbali". Andikeni sababu. Kila sababu iwe na mstari wake, na mbele yake jibu: imekubaliwa, au imekataliwa kwa sababu hii. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kushirikisha umma hakumaanishi kila maoni yakubaliwe, na hilo ni sawa. Lakini maoni yaliyokataliwa bila sababu na yale ambayo hayakusikilizwa kabisa, mwananchi atayatofautisha vipi? Ripoti zenyewe zije kwa Kiswahili, walau muhtasari wa haki, wiki kadhaa kabla ya mkutano. Mtu aliyekabidhiwa kurasa mia kadhaa za Kiingereza mlangoni mwa ukumbi hana la kupima. Amebaki na sura za wasemaji tu, na ndizo atakazozipima.

Nasi tunaokwenda mikutanoni tuna kazi yetu. Uamuzi wa 2019 uliacha mlango wazi kwa tathmini mpya, na makaa yasiporudi yatakuja mengine: gesi, mgodi, hoteli kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Kabla ya siku hiyo mikondo ya bahari inaweza kuandikwa pamoja na manahodha, mapato ya wavuvi yakarekodiwa msimu kwa msimu kupitia vikundi vya ufuo vilivyopo tayari, na hali ya kuta za Mji wa Kale ikapigwa picha nyumba kwa nyumba. Mwekezaji atakuja na takwimu zake. Ametayarisha yeye, amelipia yeye. Zetu, kwa sasa, ziko kwenye vichwa vya wazee, na kila mwaka tunawazika.